Spesa za Magurudumu: Je, Gari la Kikundi Linazihitaji?



Kikundi kimoja tunachokitembelea, ndani kidogo kutoka barabara ya Namanga, kina Land Rover ya zamani iliyonunuliwa kwa michango ya miaka minne. Gari hilo ndilo hubeba maji wakati wa kiangazi. Ndilo hubeba nyasi za ng'ombe na bidhaa za kina mama siku ya soko, na mara nyingine mama mjamzito usiku wa manane. Kwa hiyo gari likilala, kijiji kizima kinajua.

Siku moja kikundi kilipata matairi mapana kwa bei nafuu. Yalipofungwa, yakawa yanasugua kwa ndani kila dereva akikata kona. Wakalipeleka gari kwa fundi. Fundi akamwambia mwenyekiti, "Mama, hiyo si shida. Tunaweka spesa tu. Tena gari itasimama imara, haitaanguka ovyo." Mama mwenyekiti akauliza bei, akaona si mbaya, akatoa pesa. Pesa hizo zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya beringi na breki.

Baada ya wiki sita, wakiwa wanakaribia Isinya, dereva akasikia gari linatetemeka. Akadhani ni barabara tu. Punde si punde gurudumu la nyuma la kushoto likatoka, likawapita, likaingia kwenye kichaka. Ndani ya gari walikuwamo watu tisa. Hakuna aliyekufa, lakini mama mmoja alivunjika mkono, na gari likakaa bila kutembea kwa mwezi na zaidi. Muda huo wote maji yalibebwa kwa punda na pikipiki za kukodi.

Mkutano uliofuata ulikuwa mkali. Wengine walimlaumu dereva, wengine fundi, wengine mwenyekiti. Sisi tulikuwapo. Tukamwomba fundi mwingine mwenye uzoefu afungue magurudumu yaliyobaki mbele ya wanachama wote. Katika mawili alikuta nati za ndani zimelegea. Kati ya spesa na habi kulikuwa na kutu na rangi ya zamani. Halafu akauliza swali moja: "Ni nani aliyekuwa anazikaza hizi nati?" Kimya. Hakuna aliyepewa kazi hiyo, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni kazi.

Tangu siku hiyo vikundi vingine vitatu vimetuuliza kuhusu spesa. Ndiyo maana tumeona tuandike.

SPESA NI KITU GANI?

Spesa ni kipande cha chuma au alumini kinachowekwa kati ya habi na rimu. Kazi yake ni moja tu: kulisukuma gurudumu nje. Spesa ya milimita 30 hulisogeza gurudumu nje kwa milimita 30. Mkiweka pande zote mbili, gari linapanuka kwa milimita 60.

Kuna aina mbili.

Aina ya kwanza ni ya bapa, kama sahani yenye matundu. Inapitishwa kwenye stadi za gari, yaani zile boliti zinazotokeza kwenye habi, kisha rimu inafuata na nati zilezile zinafungwa. Ubaya wake ni kwamba inakula urefu wa stadi. Sahani ikiwa na unene wa milimita 10, nati inapoteza milimita 10 za kushikilia. Bila kubadilisha stadi ziwe ndefu zaidi, nati inabaki imeshika nchani tu.

Aina ya pili inafungwa kwenye habi kwa nati zake yenyewe, na ina stadi zake za kushika rimu. Hii ni bora kuliko ya kwanza ikiwa imetengenezwa vizuri. Lakini angalieni jambo moja: nati za ndani zinafichwa na rimu. Huwezi kuziona wala kuzikaza mpaka ulitoe gurudumu. Hizo ndizo zilizolegea katika gari tulilolitaja.

Kitu ambacho si spesa hata kidogo ni washa zilizopangwa moja juu ya nyingine kwenye kila stadi. Tumeiona hii kwa macho yetu. Rimu inakuwa imekaa juu ya visiki vidogo badala ya kukaa juu ya uso mzima wa habi. Mkikuta hivyo kwenye gari lenu, lisitoke hapo lilipo.

ZINASAIDIA NINI?

Hatusemi spesa ni mbaya. Zina kazi yake.

Kwanza, zinasaidia tairi au rimu inapogusa springi, vyuma vya stelingi au chesi kwa ndani. Pili, zinasaidia mtu aliyepata rimu nzuri ambayo kikombe chake kinaingia ndani mno. Tatu, gari lililopanuka kidogo huwa na utulivu zaidi likipita kwenye mteremko wa ubavuni, mradi mzigo usibadilike.

Hili la tatu ndilo fundi huliuza sana. Hebu tulipige hesabu.

Chukueni Land Rover Defender. Kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia ni milimita 1,486. Mkiweka spesa za milimita 30 kila upande, mnapata 1,546. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 4 hivi. Sasa, gari halianguki kwa sababu ya wembamba peke yake. Linaanguka kwa sababu ya wembamba na kimo cha uzito. Tuseme gari lenu pamoja na watu lina tani mbili na nusu, na kitovu cha uzito huo wote kiko sentimita 80 juu ya ardhi. Kitovu hicho kikipanda sentimita 3 na kidogo, faida yote ya spesa imekwisha.

Je, ni nini kinachokipandisha? Gunia moja la mahindi la kilo 90 likiwekwa kwenye keria, juu kabisa, hukipandisha kwa zaidi ya sentimita 4. Gunia moja tu! Na sisi tunajua keria za siku ya soko la Bissil zinavyopakiwa. Basi kikundi kinachotaka gari lisianguke, kwanza kiteremshe mzigo kutoka juu, kiuweke sakafuni. Hiyo haina gharama yoyote.

ZINADHURU NINI?

Kina mama wengi wa Kajiado wanajua kupakia punda. Madumu yakikaa karibu na mbavu, punda anatembea vizuri. Ukiyaning'iniza mbali na mbavu kwa kijiti kirefu, ni maji yaleyale, lakini punda anachoka na kamba inakatika. Gurudumu nalo ni hivyo. Lilivyotengenezwa kiwandani, uzito wa gari unagawanywa kati ya beringi ya ndani na beringi ya nje. Ukilisukuma gurudumu nje, beringi moja inabebeshwa zaidi kuliko ilivyokusudiwa, na stadi nazo zinavutwa zaidi kila gari linapoingia kwenye shimo. Beringi ambayo ingedumu miaka, sasa inataka kuangaliwa mara kwa mara.

Stelingi nayo inabadilika. Spesa zikiwekwa mbele, kila jiwe linalogongwa linavuta usukani kwa nguvu zaidi. Dereva anachoka, na anayeendesha kwa mkono mmoja anaweza kunyang'anywa usukani.

Tairi likitoka nje ya madigadi, linarusha tope na mawe kwa gari lililo nyuma na kwa watoto walio kando ya njia. Linaweza pia kuacha kusugua ndani likaanza kusugua nje, kwenye bodi, gari likiwa limejaa.

Tena kuna jambo la udongo wetu mweusi, ule wa Isinya na Kitengela unaonata kama gundi mvua ikinyesha. Humo matairi ya nyuma hufuata njia iliyokwisha kukatwa na ya mbele. Mkiweka spesa nyuma peke yake, matairi ya nyuma hayafuati tena. Yanakata njia yao wenyewe, na injini inafanya kazi mara mbili. Basi mtu anayeweka spesa nyuma ili asikwame, huenda akakwama zaidi.

La mwisho, spesa haiongezi nguvu ya kubeba. Hata kilo moja. Gari linabeba kwa chesi, springi, eksili, beringi na matairi. Mtu akikwambia, "Ukiweka hizi unaweza kupakia tani nyingine," mwambie asante, uondoke.

JE, SISI TUNAZIHITAJI?

Magari mengi ya vikundi ni ya zamani: Land Rover, nyingi zikiwa ziliunganishwa hapa nchini Thika, Land Cruiser, na Suzuki ndogo. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanyeni hivi.

Egesheni gari mahali tambarare likiwa na mzigo wake wa kawaida. Mtu mmoja akate usukani hadi mwisho, kulia kisha kushoto. Mwingine aangalie ndani ya kila gurudumu. Tairi linagusa wapi? Kwa kiasi gani? Je, kuna alama ya kusuguliwa? Kama haligusi popote, hamna shida inayotibiwa na spesa.

Kama linagusa, ulizeni kwanza kama tairi lenyewe ndilo kosa. Land Rover na Land Cruiser nyingi hapa kwetu hutembea vizuri kwa matairi membamba na marefu ya 7.50R16. Hayo hayagusi kitu, hukata tope hadi chini kwenye udongo mgumu, na hupatikana kwa urahisi. Kikundi tulichokitaja mwanzoni kilirudia matairi hayo, na mpaka leo gari lake halina spesa.

Mara nyingine dawa ni kurekebisha skurubu ndogo ya kuzuia usukani usikate kupita kiasi. Fundi mzuri anaijua. Kona itakuwa pana kidogo, lakini hamjaongeza kitu cha kulegea.

Kama bado mnahitaji kulisukuma gurudumu nje, rimu sahihi ni bora kuliko spesa. Ni kweli nayo inabebesha beringi zaidi, lakini mahali pa kufungwa ni pamoja tu badala ya pawili.

TUKIAMUA KUWEKA, TUFANYEJE?

1. Hesabuni stadi na mpime. Land Rover ya zamani ina stadi 5, zimepangwa kwenye duara la milimita 165.1. Land Cruiser za zamani zina stadi 6 kwenye duara la milimita 139.7. Suzuki Sierra ina stadi 5, lakini duara lake ni milimita 139.7. Kwa hiyo tano na tano si lazima zilingane. Msikubali tundu "kuongezwa kidogo" kwa tupa au drili.

2. Spesa iwe imetengenezwa kwa ajili ya gari la aina yenu, na pande zote mbili za eksili ziwe na unene mmoja. Iangalieni juani: ikiwa ina ufa au imepinda, irudisheni. Kama ni ile ya kufungwa kwa nati zake, stadi za gari zisitokeze kupita uso wa spesa, ama sivyo rimu haitakaa sawasawa.

3. Beringi kwanza. Inueni gurudumu kwa jeki na msaidizi imara chini ya eksili. Shikeni tairi juu na chini, mtikise. Likicheza, tengenezeni beringi kabla ya kitu kingine chochote.

4. Safisheni uso wa habi kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane. Kusiwe na kutu, rangi, tope wala grisi. Rangi ikisagika, nafasi inabaki, na nati inalegea hata kama ilikazwa na mtu mwenye nguvu.

5. Hesabuni mizunguko. Nati lazima ishike uzi wa urefu usiopungua unene wa stadi. Stadi ya milimita 12 yenye hatua ya milimita 1.5 inahitaji mizunguko 8 kamili. Ya milimita 16 yenye hatua hiyohiyo inahitaji karibu 11. Ikigota kabla ya hapo, simameni.

6. Umbo la nati lilingane na tundu. Nati yenye ncha ya mviringo kama koni haikai kwenye tundu bapa, na bapa haikai kwenye koni.

7. Kazeni kwa kuvuka, si kwa kuzunguka. Ukikaza moja, inayofuata iwe ile ya upande wa pili. Tumieni spana ya torki, na kipimo kitoke kwenye kitabu cha gari na karatasi ya spesa. Kwa kulinganisha tu, newton-mita 110 ni kama kilo 22 zikining'inia mwishoni mwa spana ya nusu mita. Mkiona fundi anapanda na kurukaruka juu ya spana, jueni anaivuta stadi mpaka inachoka, na siku moja itakatika.

8. Rudieni. Baada ya kama kilomita 100 toeni kila gurudumu, mkaze nati za ndani, rudisheni gurudumu, mkaze za nje. Kutoka Kitengela hadi Kajiado mjini na kurudi ni kama kilomita hizo, basi safari moja inatosha kuwakumbusha. Halafu rudieni kila mwezi, na baada ya kila safari ya barabara mbaya sana.

9. Baada ya pancha, msimwachie kijana wa pancha neno la mwisho. Dereva akaze upya mwenyewe, na aangalie tena baada ya kilomita chache. Nati za spesa mara nyingine zina saizi tofauti na za gari, kwa hiyo spana yake ikae ndani ya gari daima.

Kuna ujanja mmoja usio na gharama. Chukueni rangi nyeupe, mchore mstari mwembamba kutoka kwenye kila nati ya nje hadi kwenye rimu. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika na mtoto wa shule anaweza kuona. Lakini kumbukeni kwamba mstari huu hauonyeshi hali ya nati za ndani.

DALILI ZA HATARI

Gari likianza kutetemeka, kukiwa na sauti ya kugonga "tak, tak" mwendo ukiwa mdogo, michirizi ya kutu ikitoka chini ya nati, au tundu la rimu likiwa limeng'aa na kupanuka, dereva asimame hapohapo. Asiseme, "Wacha tufike kwanza." Wale tisa wa Isinya walikuwa wamebakisha kilomita mbili tu.

SHERIA NA BIMA

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka gari na sehemu zake zote zitunzwe ili zisiwe hatari kwa waliomo na kwa wengine barabarani. Gari likisababisha ajali kwa sababu ya kitu mlichoongeza, swali la kwanza litakuwa nani alikiongeza. Mkipeleka gari kwenye ukaguzi wa NTSA, mwonyesheni mkaguzi spesa wazi. Vilevile iandikieni kampuni ya bima barua kabla ya kuziweka, mkatunze jibu kwenye faili. Bima inaweza kubishania malipo kama gari lilibadilishwa bila wao kuambiwa, na hapo kikundi ndicho kitakachobeba gharama ya hospitali.

NANI AAMUE?

Gari ni la wote. Basi uamuzi wa kuligeuza usifanywe na mtu mmoja gerejini huku fundi ameshika spana. Fundi aje kwenye mkutano, au katibu aandike maneno yake ayasome. Mweka hazina aseme pesa zitatoka wapi na ni kazi gani itakayosubiri. Katika kikundi kile, beringi na breki ndizo zilizosubiri.

Kama mtakubali spesa, siku hiyohiyo wachagueni watu wawili wa kuzikagua, dereva na mwanachama mwingine. Wawe na daftari. Kila wakikaza waandike tarehe, kilomita na gurudumu lililokutwa na nati iliyolegea. Daftari hilo lisomwe kila mkutano kama linavyosomwa la michango. Kama kikundi hakiwezi kupata watu wawili wa kazi hiyo, basi jibu limepatikana: spesa zisiwekwe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Gari letu lina shida gani hasa? Ni nani ameiona kwa macho yake?
2. Je, shida hiyo inaweza kuisha kwa kubadilisha tairi, kuteremsha mzigo au kutengeneza beringi?
3. Ni nani anayekaza nati za gari letu leo? Mara ya mwisho ilikuwa lini?
4. Siku ya soko, ni mzigo gani unaowekwa juu ya keria ambao ungeweza kukaa chini?
5. Abiria wetu akiumia, kikundi kimejiandaa vipi?

Andikeni majibu kwenye kitabu cha mkutano. Tukija kuwatembelea, tutaomba tuyasome pamoja nanyi, kisha tutoke nje tukaliangalie gari.